Kibao Nilichoandika Kuwa Nimekitoa

Direkta wa sasa aliniomba, kabla sijarudisha funguo, niwaandikie ninyi mnaobaki kwenye laboratwari ya lise, shule yetu ya sekondari, kurasa chache kuhusu kazi: vitu gani huharibika, hutengenezwaje, na mimi nilifundishwa na nani. Nadhani alitegemea kitu cha kubandika ukutani. Hayo nitayaandika, lakini si mengi. Sehemu kubwa ya karatasi hizi ni jambo moja nililolifanya vibaya, nikalinyamazia, na mtu mwingine akalibeba mgongoni. Anayetaka maelekezo ya kutunza darubini peke yake asome mwanzo tu, kisha afunge.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, fundi, na mshahara wangu kila mtu aliujua kwa kuangalia viatu vyangu.

Mimi ni mtoto wa hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili. Babu yangu alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na hakurudi, kwa hiyo Kiswahili tulizaliwa nacho, Kirundi tukakiokota barabarani, na Kifaransa tukakipata kwa fimbo. Siku ya kwanza kazini nilifika na shati jeupe. Fundi niliyemkuta, Mzee Kalonda, naye Mkongo wa Fizi aliyeoa hapa akasahau kwao, aliliangalia shati, akanipa redio iliyoungua na bisibisi, akaniambia niifungue yote kisha niifunge. Saa saba mchana redio ilikuwa imefungwa na skrubu mbili zimebaki mkononi mwangu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba redio ile ilitoka kiwandani na skrubu kumi na moja, na kiwanda hakina desturi ya kutupa vyuma. Nilizitafutia matundu yake hadi jioni, na shati lile halikuwa jeupe tena.

Mzee Kalonda alikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi. Kila chombo kilikuwa na ukurasa wake: kilipofika, kilipoharibika, alichokifanya, na sahihi. Sheria ya daftari alinipa siku ya pili, kwa Kiswahili cha kwao: “Andika kile mukono ilifanya. Kile kichwa ilitaka kufanya, uache kwa kichwa.” Nilicheka, maana niliona ni maneno ya mzee anayependa kusikilizwa. Sheria hiyo niliishika karibu miaka thelathini na kuivunja mara moja.

Kazi yenyewe mtaizoea. Unyevu wa ziwa hula lenzi za darubini, kwa hiyo wekeni kifuko cha mchele mkavu ndani ya kasha na mkibadilishe kila mwezi, wala msiupike mchele huo, nimeshajaribu. Mijusi hupenda joto la transfoma, huingia kulala na kufia humo, nanyi mtatafuta kosa siku mbili kabla ya pua kuwaambia. Lakini kinachoua vyombo kuliko yote ni umeme kwenda na kurudi. Na hapo sisi wa pwani hii tuna tabia yetu. Umeme ukikatika hatuzimi kitu. Taa tunaiacha, redio tunaiacha, swichi zote zinabaki chini, kwa sababu ndivyo tunavyojua kwamba umerudi: nyumba nzima inaanza kulia kwa pamoja na watoto wanapiga makofi. Mzee Kalonda alifanya hivyo, nami nilifanya hivyo miaka yote, na hakuna aliyewahi kuniambia ni kosa.

Mzee Kalonda alikuwa ameshazikwa zamani wakati kalkuleta zilipokuja. Zilikuwa ishirini na nne, za kuchora grafu, zimeshatumika huko Ulaya, zimepangwa ndani ya boksi la viatu vya mvua. Unaiandikia fomula, nayo inakuchorea mstari kwenye kioo chake cha kijivu. Madamu Direktrisi wa wakati ule, ambaye kabla ya cheo alikuwa mwalimu wa hesabu na bado alishika vipindi vyake, aliibeba moja siku nzima akiichorea kila aliyekutana naye, mlinzi akiwemo.

Shida ilionekana wiki ya kwanza. Ili zoezi lihame kutoka mashine moja kwenda nyingine ilibidi uziunganishe kwa waya, mbili mbili. Somo la saa moja, dakika arobaini zilikwenda kwenye kuchomeka na kuchomoa. Madamu akaja laboratwari, akaweka kalkuleta mezani, akaniuliza: “Fundi, simu zinaongeaka bila waya. Hizi iko nini inazikataza?”

Nilimjibu kwamba hakuna kinachozikataza, kisha nikakaa miezi minne kulithibitisha jibu langu. Niliagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura vibao vidogo vya redio, kila kimoja ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Kalkuleta ina tundu pembeni la ule waya wa kuunganishia, na nyuma ya tundu kuna njia tatu. Kibao kinashikana na hizo tatu, kinapata umeme kwenye betri, na kinatoa mkia wa waya mwembamba kama shubiri moja ambao ndio sikio lake. Nilitumia waya wa kijani kutoka kebo ya zamani ya simu za mezani. Kwa maneno ni rahisi. Betri nne zinatoa volti sita na kibao kinataka tatu na kidogo, na kwenye mashine ya kwanza na ya pili niliviunga moja kwa moja kwa haraka ya kuona matokeo. Moshi ulikuwa mwembamba tu, lakini harufu ile kila fundi anaijua. Kwa hiyo wekeni kipunguza umeme katikati. Vibao viwili vilikufa kunifundisha hilo.

Nambari tatu ndiyo ya kwanza iliyozungumza. Nilikichomelea kibao moja kwa moja juu ya bao la mashine, nukta za risasi ya kulehemu ndogo kama mbegu za mchicha, na hadi leo sijafanya kazi safi kuliko ile. Zilizofuata, pamoja na zile mbili za kwanza, niliziwekea soketi ili kibao kiweze kuchomolewa, kwa sababu nilikuwa nimeshapata akili. Nambari tatu haikuwa na soketi. Hilo likumbukeni.

Kwenye laboratwari niliweka kompyuta kuukuu yenye redio ya aina hiyohiyo, tukaiita kituo. Madamu alipotuma zoezi mara ya kwanza, vioo ishirini na vinne vilibadilika kwa pamoja na darasa likapiga ukelele. Wanafunzi wakajibu, majibu yakarudi kituoni, na Madamu akaona kwamba kumi na wanne wamepotea mahali palepale. Alifuta ubao akaanza upya. Sikuwahi kuona mwalimu akilijua kosa la mwanafunzi kabla mwanafunzi mwenyewe hajalijua. Walimu walikuja kutazama kutoka Nyanza-Lac, wengine kutoka Magara na Gitaza, na mimi nilisimama kando nikijifanya sisikii wanachosema.

Kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatika, kila mara ilibidi nikiwashe kituo na kukitafutia somo upya. Nikachoka. Nikakiandikia programu: umeme ukirudi, kijiwashe chenyewe na kitume tena somo la mwisho bila kusubiri mtu. Nilijipongeza sana kwa hilo.

Mtihani wa taifa ukakaribia. Kalkuleta ziliruhusiwa, zinazowasiliana hazikuruhusiwa, na hilo ni haki. Madamu alitaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wachukue mashine nyumbani wiki tatu wakajisomee, akaniagiza nitoe vibao vyote kabla. Ishirini na tatu nilivichomoa kwa siku mbili. Nikaiweka nambari tatu mezani, nikaifungua, chuma cha risasi kikiwa kimeshapata moto. Kukitoa kile kibao kungechuna njia za shaba na kuiharibu kazi yangu. Sikuweza. Haukuwa uvivu, ingekuwa afadhali uwe uvivu. Nilikuwa najivuna. Niliituma amri kutoka kituoni kwamba kibao kilale, nikakiita mara tatu, hakikuitika. Nikaufunga mfuniko. Kwenye daftari nikaandika: “Na. 3, kibao kimetolewa,” nikatia sahihi.

Mashine ile nilimpa Goreth. Alikuwa wa kwanza darasani, msichana mwenye sauti ndogo, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania na kurudi na wazazi akiwa mtoto. Hapa Rumonge aliishi kwa shangazi yake. Jumamosi alikwenda kwa baba yake Nyanza-Lac, fundi Zabuloni, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu na redio sokoni. Nilimchagua yeye kwa sababu hakuwa mtu wa kudondosha vitu. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kirundi, “Murakoze, Papa Saidi.”

Siku ya mtihani wa hesabu umeme haukuwepo tangu jana yake. Chumba cha mtihani kilipakana na laboratwari, ukuta mmoja katikati. Goreth asubuhi alikuwa ametia betri mpya, kama afanyavyo mtoto mwenye busara. Sasa, kile kibao kililala kwa amri tu, na amri inashikwa na betri. Ukitoa betri amri inapotea, kibao kinaamka na kutega sikio. Ninyi mnaosoma msinitetee kwamba sikujua. Nilijua, ila sikulikumbuka, kwa sababu kwenye daftari kibao kilikuwa kimeshatolewa na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuliamini daftari.

Saa nne umeme ukarudi. Nilikuwa nakunywa chai na andazi. Nikaisikia feni ya kituo ikianza kuvuma, swichi yake nilikuwa nimeiacha chini kama kawaida yetu, nikafurahi kwamba nitapasha chai.

Upande wa pili wa ukuta, hesabu aliyokuwa akiifanya Goreth ilifutika kwenye kioo na badala yake likaja zoezi letu la mwisho la marudio, pamoja na jibu na mstari wake. Lilifanana na swali la tatu la mtihani. Goreth akanyoosha mkono. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono, akamwambia msimamizi kwamba mashine imebadilika peke yake na anaomba nyingine. Msimamizi alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine. Aliisoma, akamtoa nje, akaomba bisibisi, na mfuniko ulipofunguka waya wa kijani ukamrukia mkononi.

Madamu Direktrisi alikuja laboratwari akitembea haraka, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akauliza, “Fundi, bile bibao ulibitoa byote?”

“Vyote, Madamu,” nikasema.

Lilitoka kabla sijafikiri, na baada ya kufikiri sikulirudisha. Alitoka akiwa ameniamini. Nami nikafanya jambo la pili, ambalo nililifikiria vizuri: nilikizima kituo, na mchana kabla hawajaja kukiangalia nikafuta kumbukumbu za asubuhi ile. Naona haya kuliandika kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu mikono yangu haikutetemeka.

Kamati ikaundwa. Daftari likawekwa mbele yao, sahihi yangu ikasomwa, na kwa kuwa fundi wa lise alikuwa amevitoa vibao vyote, basi kile kimoja kiliwekwa baadaye na mtu mwingine. Mtoto alikaa na mashine wiki tatu na baba yake ni fundi. Hawakuhitaji kuuliza zaidi. Hata mimi, kama nisingekuwa mimi, ningesema ni Zabuloni.

Alikuja kwangu laboratwari siku mbili kabla ya kuitwa na kamati, saa tisa alasiri, na shati lililopigwa pasi. Tulikuwa tunafahamiana kidogo, kwa kuuziana vipuri. Alisalimia, akakaa, akaomba maji. Kwanza aliniomba jambo dogo: niende mbele ya kamati niseme kwamba kazi ile si ya mkono wake. Alisema fundi anautambua mkono wa fundi mwenzake, na risasi yake yeye ni nene, kwa kuwa chuma chake hukipasha kwenye makaa. Nilimjibu kwamba risasi haina jina. Nilisema hivyo nikitazama dirishani.

Nilipogeuka macho yake yalikuwa juu ya kibiringo cha waya wa kijani mezani pangu. Mashine alikuwa ameshaonyeshwa ikiwa wazi. Hakukigusa kile kibiringo. Alikitazama, akanitazama mimi, na nikajua kwamba amejua. Nilingoja apige kelele. Ningeshukuru angepiga kelele, watu wangekuja na jambo lingekwisha.

“Fundi,” alisema, “sikuja kugombana na wewe. Nani atanisikiliza mimi mbele ya daftari? Wanasema kile kitu hakikujiweka. Kama hakuna aliyekiweka, basi ni mtoto, na mtoto hatakaa mtihani tena maisha yake. Nikisema ni mimi, na kwamba yeye hakujua, mwakani atarudi. Lakini wataniuliza nilifanyaje. Mimi natengeneza simu. Nifundishe ulivyokiweka.”

Sikumkatalia wala sikumsahihisha. Nilivuta kiti nikamfundisha.

Nilimchorea kwenye karatasi njia tatu za tundu la pembeni, ipi ya kupeleka, ipi ya kupokea, ipi ya ardhi. Nilimwonyesha mahali pa kuchukulia umeme. Aliniuliza kwa nini asichukue moja kwa moja kwenye betri, nikamweleza habari za volti, na vile vibao viwili vilivyoungua, akatabasamu akasema hata yeye angeviunguza. Akauliza urefu wa mkia. Akarudia yote kutoka mwanzo bila kuangalia karatasi, akakosea mahali pamoja, nikamrekebisha, akarudia tena. Nimewafundisha wengi katika chumba kile na sikupata mwanafunzi mwepesi kama yeye. Ilituchukua muda wa kipindi kimoja. Aliikunja karatasi, akanirudishia ili isikutwe naye, akashukuru kwa maji.

Msinitafutie sababu. Nilimwogopa Madamu, niliiogopa kazi kuniponyoka, na zaidi niliogopa wale walimu wa Magara na Gitaza waliokuja kunitazama. Hayo ndiyo niliyoyalinda. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia mwenzangu, nami nikamshikia ngazi.

Mbele ya kamati Zabuloni alieleza vizuri. Alisema alitaka kumsaidia mtoto bila mtoto kujua, akataja njia tatu, akataja kipunguza umeme. Goreth alikuwa kwenye benchi la nyuma na shangazi yake. Mwanzoni alitikisa kichwa kama mtu anayesubiri baba yake amalize mzaha. Ilipofika habari ya waya na urefu wake aliacha kutikisa, kwa sababu mtu hawezi kujua kitu kwa undani hivyo kama hakukifanya. Kisha mwenyekiti akaniita mimi, kama mtaalamu.

“Fundi, haya anasema, inawezekana?”

Nikasimama, nikasema inawezekana. Mwenyekiti akanishukuru kwa msaada wangu.

Zabuloni aliwekwa ndani majuma matatu. Vyombo vyake vilichukuliwa na kibanda kikafungwa, na alipotoka hakuna aliyempelekea simu tena, maana nani anampa fundi mwizi simu yenye siri zake. Akaenda kwenye mashine za mawese, kuchemsha na kukamua, kazi ya vijana, naye hakuwa kijana. Kalkuleta zilifungiwa kabatini. Goreth alirudia mwaka kwenye lise nyingine, akakaa mtihani, akapita vizuri, kama baba yake alivyopiga hesabu.

Miaka ikapita, na siku moja aliingia laboratwari akiwa mwalimu wetu mpya wa hesabu. Wengi wenu mnamfahamu hivyo tu. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita Papa kama zamani. Adabu ilinilazimu kuuliza hali ya baba. Alisema mzee hajambo, kila mwezi anakwenda kumwona na kumpelekea sukari na mchele.

“Ila kula kwake, sikulaka,” akasema. “Anapika kila mara. Mimi naaga mbele ya sahani kufika. Nikikaa pale, ile siku inarudi. Alinifanya mwizi, Papa, na mimi sikumutuma.”

Kwetu kukataa chakula cha mzazi si jambo la tumbo. Watu wanaoana na kuachana bila kufika hapo. Nilipaswa kusema palepale, nikasema nimesahau maji motoni. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu, yeye darasani, mimi nyuma ya ukuta uleule, na kila Jumatatu baada ya safari yake ya Nyanza-Lac nilimwona amenyamaza nikajua sababu. Maneno nilikuwa nayo tayari. Mwanzoni niliona ni mapema mno, na baadaye nikaona nimechelewa.

Kuhusu Zabuloni, baadaye alinieleza kwa nini hakumwambia binti yake hata alipokuwa na digrii mkononi. Alisema mtoto angeandika barua, kamati ingejua kwamba yeye aliidanganya, na matokeo ya mtoto yangeanza kuulizwa. Afadhali anikasirikie akiwa na vyeti vyake, alisema, kuliko anipende bila vyeti. Alinieleza hayo nilipokwenda kumwona mwezi mmoja kabla ya kustaafu. Nilimwomba msamaha pale, kati ya mapipa ya mawese. Alisema si yeye wa kuombwa kwanza, akarudi kazini.

Hata hivyo nilisubiri hadi sherehe ya kuniaga. Mlikuwepo: mishikaki, fanta, hotuba. Goreth akaombwa aseme neno. Alisema baba yake aliwakosea wote katika lise hii, na kwamba siku ile Papa Saidi angeweza kumtukana mzee wake mbele za watu, lakini hakumtukana, alisema tu ukweli anaoujua. Mkapiga makofi. Niliinamisha kichwa, mkadhani ni machozi ya kuagana, na mmoja wenu akanipa kitambaa. Nilitamani sakafu inimeze. Mtu anaweza kuishi na dhambi yake akiwa amenyamaza. Kushukuriwa kwa ajili yake, na aliyeibiwa, hilo sikuliweza.

Kesho yake, Ijumaa, nilikuja kurudisha funguo. Goreth alikuwa na saa moja huru. Nilimwomba aketi, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa nambari tatu, nikamwambia mstari ule ni uongo. Nilianza na kibao na nikamalizia na kiti nilichovuta kumfundisha baba yake. Chaki ilikuwa mkononi mwake na aliishika hadi mwisho.

Akauliza, “Papa yangu alijua ni wewe?”

“Alijua.”

“Mbele ya kuenda kwa kamati?”

“Alijua akiwa amekaa hapo ulipokaa.”

Alikitazama kiti. Kisha akaniuliza magari ya Nyanza-Lac yanatoka hadi saa ngapi. Nilimwambia yapo hadi jioni. Alichukua mkoba akaondoka bila kuniaga, na hakuwa na sababu ya kuniaga. Darasa lake la mchana lilibaki bila mwalimu, nikaingia mimi, nikawapa zoezi ambalo mwenyewe silijui, wakalifanya.

Chini ya ule mstari kwenye daftari nimeandika: “Si kweli. Hakikutolewa,” na sahihi na tarehe. Nimempa Direkta barua, na nakala nimepeleka kwa wakubwa wa elimu, nikitaja kwamba Zabuloni hakuweka kitu chochote ndani ya mashine yoyote na kwamba binti yake alifanya mtihani wake kwa akili zake. Bado hawajajibu. Wakiniita nitakwenda, na mkisikia mengi juu yangu msibishane na anayesema.

Jumapili mchana simu yangu ililia, namba ya Zabuloni. Niliiacha ilie mara kadhaa kabla ya kupokea, kwa woga. Hakunisalimia.

“Fundi,” alisema, “mtoto yuko hapa tangu juzi. Anakula.”

Nyuma yake nilisikia kijiko kikigonga sahani.